Mbwa Anapozeeka: Mwongozo Kamili wa Kumtunza Abaki na Nguvu na Afya

Mtazame mbwa wako anapoamka asubuhi. Mbwa kijana huinuka mara moja, akajinyoosha kifua chini matako juu, na kabla hujavaa viatu ameshafika mlangoni. Mbwa aliyeanza kuzeeka huinua miguu ya mbele kwanza, akatulia hivyo ameketi, kisha akazivuta nyonga juu, mguu mmoja halafu wa pili. Hatua tano sita za mwanzo huwa fupi, na kucha za nyuma hukwaruza sakafu. Akishafika nje viungo vimepata moto, anatembea vizuri, nawe unasahau ulichokiona.

Mwongozo huu unaanzia kwenye hizo sekunde chache, maana neno linalowaponza mbwa wengi wazee ni "amezeeka tu". Hakimbii tena, amezeeka tu. Analala kutwa, amezeeka tu. Uzee upo kweli na hauna dawa, lakini mara nyingi nyuma ya neno hilo kuna kitu chenye jina lake: kiungo kinachouma, jino lililopasuka, figo zilizochoka, vali ya moyo inayovuja. Vitu hivyo vinapimika, na vingi vinatibika au angalau vinapunguzwa makali.

Nilikuwa na mbwa jike, jina lake Doa. Alipofika miaka 11 alianza kula polepole. Aliokota punje za chakula akazipeleka upande wa kushoto wa kinywa, nyingine zikidondoka. Nikaona ni uzee, nikawa namlainishia chakula kwa maji. Miezi minne baadaye daktari alimfunua mdomo upande wa kulia, akanionyesha jino kubwa la kutafunia lililopasuka hadi kwenye mzizi, fizi imevimba. Likang'olewa. Wiki mbili baada ya hapo Doa alikuwa akinisubiri kwenye bakuli, na ule usingizi wa kutwa nzima ukapungua sana. Miezi minne aliishi na maumivu mbele ya macho yangu, nami nilikuwa namlisha kila siku kwa mikono yangu mwenyewe. Bado linaniuma.

Hatua ya 1: Jua uzee wake unaanza lini

Achana na hesabu ya mwaka mmoja wa mbwa kuwa sawa na miaka 7 ya mtu. Mbwa hukua kwa kasi mno mwanzoni, na akitimiza mwaka mmoja wengi wao wanaweza kuzaa. Baada ya hapo kasi ya kuzeeka hutegemea sana ukubwa wa mwili. Tembo huishi miaka mingi kuliko panya, lakini kwa mbwa mambo ni kinyume: wakubwa ndio huzeeka mapema. Great Dane ni mzee akiwa na miaka 6 au 7. Labrador na German Shepherd huanza kuzeeka kwenye miaka 8 hivi. Chihuahua anaweza kufika 10 au 11 kabla hujaona lolote.

Madaktari wengi wa wanyama huhesabu uzee kuwa ile robo ya mwisho ya umri ambao mbwa wa aina hiyo hutarajiwa kuishi. Kama mbwa wako ni chotara, mfuatishe na aina yenye uzito unaokaribia wake. Kisha anza hatua zinazofuata mwaka mmoja au miwili kabla ya umri huo, angali mzima.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Mbwa hapimwi kwa kulinganishwa na mbwa wa jirani. Analinganishwa na yeye mwenyewe wa miezi sita iliyopita, na kumbukumbu yako peke yake haitoshi, kwa sababu mabadiliko huja kidogo kidogo na jicho huyazoea. Nunua daftari, au tumia simu, uandike mambo haya mara moja kila mwezi.

Uzito. Kama hakai kwenye mizani, mbebe mpande pamoja, kisha jipime peke yako utoe tofauti. Kama habebeki, mpitishe zahanati ya wanyama. Kupanda mizani tu ni jambo la dakika moja.

Pumzi akiwa usingizini. Mtazame kifua: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Mbwa mzima akilala fofofo hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Idadi ikipanda ikapita hapo siku mbili tatu mfululizo, au ikawa juu zaidi ya kawaida yake, huenda mapafu yanaanza kujaa maji kwa sababu ya moyo, na ishara hii mara nyingi hutangulia kikohozi. Hakuna kipimo kingine cha nyumbani ninachokithamini kuliko hiki, na hakigharimu kitu.

Maji. Asubuhi mimina kiasi unachokijua, kesho yake pima kilichobaki. Mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku ana tatizo mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa mbwa wa kilo 20 hiyo ni lita 2. Kiu ya namna hiyo inaweza kuwa figo, kisukari, tezi za juu ya figo zinazotoa homoni kupita kiasi, au usaha ndani ya mfuko wa uzazi kwa jike asiyefungwa kizazi.

Unene wa paja. Zungusha futi ya fundi cherehani juu kabisa ya paja la nyuma, kushoto na kulia, mbwa akiwa amesimama sawasawa. Mguu unaouma hutumika kidogo, na msuli usiotumika hunywea. Tofauti ya sentimita moja au mbili kati ya mapaja mawili itakuonyesha mguu unaouma hata kama hachechemei.

Mwisho, mpige video fupi: anakuja kwako, anaondoka, anapita kwa ubavu, na anainuka kutoka kulala. Daktari atafurahi kuiona, maana mbwa wengi wakifika kwenye chumba cha daktari huficha kila kitu kwa woga.

Hatua ya 3: Uzito, jambo linalozidi yote

Ningeruhusiwa kumwambia mwenye mbwa jambo moja tu, lingekuwa hili. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Purina, kampuni ya chakula cha wanyama, uliowafuata Labrador 48 maisha yao yote. Waligawanywa jozi jozi, kila jozi ndugu waliozaliwa tumbo moja. Katika kila jozi mmoja alipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake. Waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi: miaka 13 dhidi ya 11.2. Na si umri peke yake. Walichelewa kuugua viungo na walichelewa kuhitaji dawa za magonjwa ya uzeeni. Wala wale waliopewa zaidi hawakuwa mapipa. Walikuwa na unene ambao wengi wetu tungeuita afya nzuri.

Kuujua unene wa mbwa tumia mkono wako kama kipimo. Kunja ngumi, upitishe kidole juu ya vifundo: mbavu zikihisika hivyo, amekonda. Nyoosha mkono, upapase mgongo wa kiganja: mbavu zikihisika hivyo, yuko sawa. Geuza mkono, ubonyeze upande wa kiganja wenye nyama: mbavu zikihisika hivyo, amenenepa. Halafu msimamie juu. Kiuno kionekane kikiingia nyuma ya mbavu. Mtazame kwa ubavu. Tumbo lipande kuelekea kwenye mapaja. Usiyaamini macho kwa mbwa mwenye manyoya mengi, amini vidole.

Akiwa mnene, mpunguze taratibu, asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki. Mbwa wa kilo 30 apoteze gramu 300 hadi 600, si zaidi. Pima chakula kwa mizani ya jikoni, maana kikombe hudanganya: mkono huohuo, chakula kilekile, lakini leo umejaza na kesho umefurisha. Vitafunio vyote, pamoja na vile anavyopewa na watoto kwa siri chini ya meza, visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku. Na kama kinachohitajika ni kupunguza sana, usikate tu nusu ya chakula cha kawaida, kwa sababu utampunguzia na protini na madini. Muulize daktari chakula kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kuna imani ya zamani kwamba mbwa mzee apunguziwe nyama ili figo zipumzike. Kwa mbwa mwenye figo nzima imani hiyo inamdhuru: uzee unakula msuli, na protini ndiyo inayoujenga, kwa hiyo mzee huhitaji protini nzuri pengine kuliko alipokuwa na miaka mitano. Mwenye ugonjwa wa figo uliothibitishwa ni habari nyingine; huyo huhitaji hasa madini ya fosforasi yapunguzwe, na chakula chake hupangwa na daktari.

Mbwa mzee akikonda bila wewe kumpunguzia chakula, usishukuru. Huo ni wito wa kwenda kupima mapema. Vilevile uzito ukibaki palepale lakini uti wa mgongo na mifupa ya kichwa inaanza kuchomoza, msuli unaondoka na mafuta yanachukua nafasi yake. Mizani haikuonyeshi hilo.

Ukipenda kumpikia mwenyewe, omba mpango ulioandikwa na mtaalamu wa lishe ya wanyama. Nyama na wanga peke yake humwacha bila kalisi ya kutosha. Na vitu hivi visimfikie kabisa: zabibu mbichi au kavu, vitunguu vya aina zote, chokoleti, karanga za makadamia, na kitu chochote chenye zailitoli, ile sukari bandia ya kwenye jojo na dawa nyingi za meno.

Hatua ya 4: Mazoezi, kidogo kidogo kila siku

Kosa la kawaida ni kumlaza wiki nzima, kisha siku ya mapumziko kumpeleka matembezi ya saa mbili. Kesho yake hainuki, na mwenye mbwa anahitimisha kwamba mazoezi hayamfai. Kinachomfaa ni kawaida isiyokatika. Matembezi mawili au matatu ya dakika 15 hadi 20 kila siku humjenga kuliko safari moja ndefu.

Kipimo cha kujua kama umezidisha ni jioni ile na asubuhi inayofuata. Akiamka mgumu kuliko jana, punguza theluthi moja, kaa hapo wiki nzima, ndipo uongeze dakika chache. Anza kila matembezi kwa dakika tano za mwendo wa pole, viungo vipate moto. Achana na mchezo wa kurusha mpira unaomfanya akimbie kwa kasi, akate kona na kuruka. Mbwa mzee ataufuata mpira kwa moyo wote hata goti likimuuma, na bei yake ataijua usiku. Akinusa, mwache anuse. Matembezi ya kunusa yanachosha akili vizuri.

Nyumbani fanya naye mazoezi matatu mepesi. La kwanza ni kukaa na kusimama: mwambie akae, asimame, akae, mara tano, juu ya zulia lisiloteleza. Hilo hujenga mapaja. La pili, panga vijiti vinne vitano chini, kila kimoja umbali wa urefu wa mwili wake, umpitishe polepole ili ainue kila mguu kwa kufikiri. La tatu, mshike akiwa amesimama, umvute kwa kitafunio mpaka pua ifike kwenye bega, kisha kwenye nyonga, kulia na kushoto. Akikataa upande mmoja kila mara, andika kwenye daftari.

Kuogelea ni kuzuri mno kwa sababu maji hubeba uzito, mradi maji yasiwe baridi na avalishwe jaketi la kumwelesha. Kwenye jua kali toka alfajiri au jioni. Mbwa hupoa hasa kwa kutweta, na mwenye pua fupi, mnene, au mwenye koo linalolegea hupoa kwa shida. Labrador wengi wakizeeka hupata kupooza kwa koromeo: mlio wa kubweka hubadilika ukawa wa kukwaruza, na pumzi huwa na kelele. Huyo mvue kola, mvalishe mkanda wa kifuani, na joto liwe adui namba moja.

Hatua ya 5: Viungo vinavyouma

Wengi husubiri mbwa alie ndipo waamini anaumwa. Mbwa mwenye viungo vilivyochakaa halii, anaacha vitu. Anaacha kurukia kochi, anaacha kukufuata ghorofani, anaacha kujitikisa mwili mzima baada ya kulowa. Anaramba kifundo kimoja mpaka manyoya yanabadilika rangi. Anakuwa mkali mtoto akimgusa kiunoni. Akikojoa hachuchumai vizuri.

Ukiona mawili matatu ya hayo, mpeleke apimwe, tena uende na ile video. Dawa za kupunguza uvimbe na maumivu zilizotengenezwa kwa mbwa, kama kaprofeni na meloksikamu, zimewarudishia wengi furaha. Lakini damu ipimwe kabla ya kuanza na irudiwe baada ya muda, kwa ajili ya ini na figo, na zisichanganywe kamwe na steroidi, dawa kali za uvimbe kama prednisoloni. Akitapika, akikataa chakula au akitoa choo cheusi, simamisha umpigie daktari simu. Kuna pia sindano ya kila mwezi, bedinvetimabu, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2023. Wengi wamefaidika nayo, ila Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaandikia madaktari wa wanyama kuwatahadharisha juu ya madhara yaliyoripotiwa, yakiwemo ya kutetereka na degedege. Zungumza na daktari wako kwa kina kabla ya kuamua.

Dawa zako wewe usimpe. Ibuprofeni inaweza kumtoboa tumbo na kuua figo zake. Paracetamol inaweza kuharibu ini na damu. Kidonge kimoja tu kinatosha kumdhuru mbwa mdogo.

Kuhusu virutubisho, mafuta ya samaki yenye omega-3 yana ushahidi mzuri zaidi kuliko glukosamini, kile kirutubisho cha viungo kinachouzwa kila mahali. Fedha zikiwa chache, zitie kwenye mafuta ya samaki, na kiasi chake kipangwe na daktari kwa uzito wa mbwa.

Halafu rekebisha nyumba, maana hapo ndipo mbwa anaishi. Sakafu ya vigae kwa mzee ni kama barafu: miguu ya nyuma inafunguka pembeni, anaogopa, anaacha kutembea ndani, na msuli unazidi kupotea. Tandika mazulia yasiyoteleza kutoka anapolala hadi kwenye maji, na hadi mlangoni. Kata kucha kila wiki mbili tatu; kucha ndefu humsukuma asimame kwa visigino. Punguza manyoya yanayoziba kati ya vidole. Godoro liwe nene kiasi kwamba ukilibonyeza kwa ngumi, ngumi isiguse sakafu. Ngazi zizibwe usiku.

Hatua ya 6: Kinywa

Mbwa mzima ana meno 42, na wengi wao huanza kuugua fizi hata kabla ya kufika uzeeni. Harufu mbaya ya kinywa si harufu ya mbwa, ni maambukizi. Piga mswaki kila siku kwa dawa ya meno ya mbwa, upande wa nje tu, ukikazania meno makubwa ya nyuma. Mzoeze kwa wiki mbili: kwanza arambe dawa kidoleni, kisha kidole kipite kwenye fizi, kisha mswaki. Mifupa migumu na pembe za kutafuna ziondoe. Ndizo huwapasua meno. Kanuni yangu tangu yale ya Doa: kitu nisichoweza kukikwaruza kwa ukucha, hakiingii kinywani mwa mbwa wangu.

Wengi huogopa usingizi wa dawa kwa mbwa mzee. Woga huo naujua. Hata hivyo, damu na moyo vikipimwa kwanza, na mbwa akiangaliwa kwa mashine muda wote, umri peke yake haumzuii kutibiwa meno. Kusafisha meno bila usingizi hung'arisha sehemu inayoonekana tu. Ugonjwa uko chini ya fizi.

Hatua ya 7: Mpapase kila wiki

Chagua siku moja. Anza kichwani, pita chini ya taya, shingoni, makwapani, kifuani, kila chuchu, tumboni, kwenye korodani, chini ya mkia, hadi katikati ya vidole. Ukikuta uvimbe, upime kwa rula na uupige picha. Uvimbe wenye ukubwa wa sentimita moja, au uliokaa mwezi mzima, uchomwe kwa sindano nyembamba na chembe zake zitazamwe kwa darubini. Vingi vitakuwa mafuta tu. Lakini hakuna daktari anayeweza kuapa kwa kuushika tu kwamba ni mafuta. Baadhi ya saratani za ngozi huwa laini vilevile.

Wakati huohuo inua mdomo utazame fizi. Ziwe na rangi ya waridi. Bonyeza kwa kidole, weupe urudi kuwa waridi ndani ya sekunde mbili.

Hatua ya 8: Daktari kila miezi 6

Miezi sita kwa mbwa mzee ni muda mrefu. Omba apimwe damu, mkojo, shinikizo la damu, na asikilizwe moyo. Mkojo usiachwe: figo zikishindwa kukoleza mkojo huonekana hapo mapema, ilhali kreatinini, taka ya mwili inayochujwa na figo, mara nyingi hupanda kwenye damu baada ya takriban robo tatu ya uwezo wa figo kupotea. Kipimo kingine cha damu kiitwacho SDMA kinaweza kuonyesha tatizo kabla ya hapo.

Moyo nao una sababu yake. Mbwa wadogo, na hasa Cavalier King Charles Spaniel, hupata vali inayovuja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mbwa wenye vali hiyo na moyo uliotanuka, wakipewa dawa ya moyo iitwayo pimobendani kabla hawajaonyesha dalili yoyote, moyo wao huchelewa kushindwa kufanya kazi kwa miezi 15 hivi. Lakini ili upate miezi hiyo, lazima mtu aisikie ile sauti ya kuvuja kwanza.

Chanjo ziendelee, ya kichaa cha mbwa ikiwa ya kwanza, pamoja na kinga ya minyoo, kupe na viroboto. Jike aliyefungwa kizazi akianza kuvuja mkojo usingizini hajakosa adabu wala hajachoka. Mara nyingi ni msuli wa kibofu uliolegea, na dawa yake ipo.

Hatua ya 9: Akili, macho na masikio

Mbwa wazee nao hupotewa na akili, na ubongo wao hujenga utando wa protini unaofanana na wa watu wenye Alzheimer. Dalili zake utazitambua: anasimama upande wa bawaba akisubiri mlango ufunguke, anakwama nyuma ya kiti asijue kurudi kinyumenyume, anazunguka usiku na kulala mchana, anakojoa ndani baada ya miaka mingi ya usafi. Kabla ya kukubali kwamba ni akili, hakikisha si maumivu, si kibofu, wala si shinikizo la damu. Kisha mpe ratiba isiyobadilika, mwanga mdogo usiku, mafumbo mepesi ya kutafuta chakula kwa pua, na uulize juu ya vyakula na dawa zinazosaidia ubongo.

Jicho lenye ukungu wa kibuluu kuanzia miaka 7 hivi mara nyingi ni lenzi iliyokomaa tu, na anaona vizuri kiasi chake. Weupe mzito kama maziwa ndio mtoto wa jicho. Daktari atawatofautisha kwa tochi.

Masikio huondoka polepole. Mfundishe ishara za mkono angali anasikia: njoo, kaa, subiri. Ukichelewa, bado inawezekana, ila subira yako itajaribiwa. Ukitaka kumwamsha mbwa asiyesikia, piga hatua nzito karibu naye atikisike na sakafu, usimshike ghafla.

Mambo yasiyosubiri kesho

Nenda usiku huohuo ukiona haya:

- Tumbo limevimba na anajaribu kutapika bila kutoa kitu, hasa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu. Tumbo huenda limejisokota, na saa chache zinatosha kumuua.
- Ameanguka ghafla na fizi zimekuwa nyeupe. Huenda wengu umepasuka na anavuja damu ndani.
- Jike asiyefungwa kizazi, wiki chache baada ya kuwa kwenye joto la kutaka dume, anakunywa maji mno, hali, na pengine anatoa usaha.
- Anahangaika kupumua, au fizi zimekuwa za zambarau.
- Mkojo hautoki, au degedege linarudi au halikomi.

Kuna jambo jingine linalofanana na kifo lakini mara nyingi si kifo. Mbwa mzee anaamka kichwa kimepinda upande, macho yanachezacheza, anaanguka na kutapika. Wenye mbwa hudhani ni kiharusi, na wengine humwombea alazwe milele siku ileile. Mara nyingi ni mfumo wa usawa wa sikio la ndani uliovurugika; huanza kupungua ndani ya siku mbili tatu, na wengi hutembea vizuri baada ya wiki mbili au tatu, pengine kichwa kikibaki kimepinda kidogo. Mpeleke achunguzwe, lakini mpe hizo siku kabla ya kuamua lolote.

Hatua ya 10: Ukurasa wa mwisho wa daftari

Huu uandike sasa, angali na nguvu, kwa sababu siku ya kuuhitaji hutaweza kufikiri sawasawa. Andika vitu vitano anavyovipenda kuliko vyote. Vya Doa vilikuwa: kunipokea mlangoni, kugaagaa kwenye majani, kula kwa pupa, kubweka akisikia pikipiki, na kulala mgongo wake ukigusa miguu yangu. Chini yake chora kalenda. Akianza kuugua ugonjwa usiopona, kila jioni weka alama kama siku ilikuwa njema au mbaya, kwa kutazama ile orodha na si kwa kutazama moyo wako.

Vitu vitatu kati ya vitano vikitoweka, au siku mbaya zikizidi njema kwa wiki mbili, mpigie daktari wako. Muulize kwanza kama kuna maumivu ambayo bado hayajatibiwa, maana wakati mwingine yapo. Kisha muulize kama anaweza kuja nyumbani.